Mwana Mpotevu na Macho ya Msomaji

Kwa nini mwana mpotevu alijikuta ana njaa mbele ya nguruwe? Swali linaonekana jepesi. Mtoto anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza atalijibu bila kufikiri: alitapanya mali ya baba yake. Lakini swali hilo hilo, likipelekwa kwa watu wa nchi tatu, limewahi kupata majibu matatu, na yote matatu yamo ndani ya Injili ya Luka.

Mark Allan Powell, mwanazuoni wa Biblia wa Marekani ambaye ni Mlutheri, aliwaomba watu wausome mfano huu katika Luka sura ya 15, wafunge kitabu, kisha wamsimulie mwenzao kwa kumbukumbu. Kati ya Wamarekani 100, ni 6 tu waliotaja kwamba katika nchi ile ya mbali kulitokea njaa kubwa. Mwaka 2001, akiwa St. Petersburg nchini Urusi, alilirudia zoezi hilo na watu 50. Waliotaja njaa walikuwa 42. Alipouliza hapa kwetu Tanzania kwa nini kijana yule alikosa chakula, wengi walimpa jibu la tatu: alikosa kwa sababu hakuna mtu aliyempa.

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea tunakuomba ufungue Biblia yako. Katika aya ya 13 kijana anatapanya mali. Katika aya ya 14 inakuja njaa kubwa juu ya nchi nzima. Katika aya ya 16 anatamani chakula cha nguruwe, na hakuna anayempa kitu. Hakuna kati ya makundi yale matatu lililotunga kisa chake. Wamarekani waliikamata aya ya 13, Warusi aya ya 14, Watanzania aya ya 16. Kila kundi lilisoma kweli, na kila kundi liliacha kitu.

Hoja yetu katika makala haya ni hii: mtazamo wa msomaji haupaswi kutuogopesha, bali tunapaswa kuufahamu, kuuleta mbele ya Maandiko na mbele ya wasomaji wengine, na kuukubali usahihishwe. Tusipofanya hivyo, tunaweza kuhubiri Neno la Mungu kwa miaka arobaini huku tukilisoma nusu. Na nusu tunayoiacha mara nyingi ndiyo inayomhusu mtu aliyeketi benchi la nyuma kanisani.

Kila mwamba ngoma

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ni kawaida kuitumia methali hii kumsema mtu mwenye ubinafsi. Lakini ukiitazama vizuri, inasema pia jambo la kweli juu ya hali ya binadamu: mwamba ngoma hana namna ya kuivuta ngozi isipokuwa kutoka pale alipoketi. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha jambo la karibu na hilo alipoeleza kwamba kinachopokelewa hupokelewa kwa namna ya yule anayekipokea. Maji yale yale hukaa kama mtungi kwenye mtungi, na kama kata kwenye kata.

Katika karne iliyopita, mwanafalsafa Mjerumani Hans-Georg Gadamer alilifanyia kazi wazo hili katika kitabu chake Wahrheit und Methode cha mwaka 1960. Kwa maoni yake, hakuna anayeanza kusoma akiwa mtupu kama karatasi jeupe. Kila mmoja anakuja na mambo aliyokwisha kuyapokea kutoka kwa wazazi, lugha, nchi na historia yake. Mambo hayo si lazima yawe kizuizi, kwa kuwa bila hayo tusingeelewa chochote. Hatari inakuja pale tusipojua kwamba tunayo, au tunapokataa kitabu kisituulize swali.

Warejee Warusi wale. Mji wao, wakati ukiitwa Leningrad, ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944. Mamia ya maelfu ya raia walikufa, wengi wao kwa njaa. Mwaka 2001 walikuwapo bado wazee walioyaona hayo kwa macho, na vijana waliolelewa kwa simulizi zake. Msomaji wa namna hiyo hawezi kulipita neno njaa kama anavyopita jina la mji asioujua. Kwao, kosa la kijana halikuwa hasa kutumia fedha. Lilikuwa kuondoka nyumbani akidhani anaweza kuishi bila baba na bila ndugu. Fedha ingeweza kuisha kwa sababu yoyote. Aliye peke yake, njaa ikija, ndiye anayekwisha.

Mmarekani wa leo, mwenye duka la vyakula lililojaa karibu na nyumbani, anasoma njaa kama sehemu ya mapambo ya hadithi. Anachokijua ni fedha za mtu mmoja na matumizi ya mtu mmoja. Kwa hiyo anauona mkoba wa kijana, hauoni mvua iliyogoma.

Na Watanzania? Wao waliiona nchi ya mbali kuwa nchi ya watu. Kijana yule ni mgeni. Mgeni hajui bei, hajui desturi, hajui wa kumwamini. Kwamba aliishiwa ni jambo linalotarajiwa, hata kama alikosea. Kisichotarajiwa ni nchi nzima kumwona mgeni akitamani chakula cha nguruwe na wote wakapita. Aibu ni ya kijana, na ni ya wenyeji pia. Mtu aliyelelewa katika methali ya mgeni njoo mwenyeji apone hawezi kuisoma aya ya 16 bila kushtuka. Na Torati ya Musa inamuunga mkono, kwa maana iliwaagiza Waisraeli tena na tena wamtunze mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri.

Tusijisifu haraka

Mtanzania anayesoma habari hii anaweza kujipongeza: kumbe sisi tunasoma vizuri kuliko wenzetu! Tunashauri tusifike huko. Kwanza, jibu letu nalo lina pengo. Kijana mwenyewe, kabla ya kuondoka katika nchi ya mbali na akiwa mbele ya baba yake, anakiri kwamba ametenda dhambi. Hasemi kwamba mvua ilikosekana wala kwamba wenyeji walimnyima. Anayeisoma aya ya 16 peke yake anaweza kumfanya kijana kuwa mtu aliyeonewa tu, na kumnyang'anya toba yake. Toba ni mali ya kijana huyo, na ndiyo inayomrudisha nyumbani.

Pili, mtazamo haugawanywi kwa mipaka ya nchi tu. Umo ndani ya parokia moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakikaa benchi moja na kupokea Komunyo kwa padre mmoja. Mfanyabiashara mwenye maduka mawili na mama anayeuza maandazi kituo cha basi wanausikia mfano huu Dominika moja, na hawasikii jambo moja. Sisi tunaosoma Biblia katika seminari tunakula kwa kengele, mara tatu kwa siku. Sahani ikishakuwa mezani hatuulizi imetoka wapi. Hilo nalo ni mahali pa kusomea, na lina upofu wake. Ni vema kila frateri anayejiandaa kuhubiri alijue kabla hajapanda kwenye mimbari.

Fikiri juu ya kijana wa kijijini aliyeuza sehemu ya shamba alilopewa na baba yake akaenda Dar es Salaam kufanya biashara. Mtaji umeisha. Sehemu ameila kwa kubeti, sehemu imeliwa na bei zilizopanda, na iliyobaki imemalizwa na mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Anarudi nyumbani na begi moja. Dominika ya nne ya Kwaresima, Mwaka C, yuko kanisani, karibu na mlango, na mfano wa Mwana Mpotevu unasomwa.

Akihubiriwa aya ya 13 peke yake, atasikia kitu kimoja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kanisa zima litageuza shingo kumtazama. Akihubiriwa aya ya 14 peke yake, atasikia kwamba uchumi ni mbaya, hana la kujuta, na kesho atarudi kwenye kubeti. Akihubiriwa aya ya 16 peke yake, atasikia kwamba wenye kosa ni watu wa mjini waliomnyima. Lakini akihubiriwa zote tatu, atasikia ukweli wake wote: ulikosea, nyakati zilikuwa ngumu, na wapo walioweza kukushika mkono wasikushike. Nao waamini waliomzunguka watasikia swali lao: je, sisi ni nyumba ya baba au ni ile nchi ya mbali?

Ndiyo maana tunasema suala hili si mchezo wa wasomi. Namna tunavyosoma ndiyo inayoamua nani atahurumiwa Jumatatu.

Kaka mkubwa, msomaji wa kwanza

Kuna jambo moja ndani ya mfano wenyewe ambalo halizungumzwi sana. Tukiuliza ni nani wa kwanza kutafsiri habari za mdogo, jibu ni kaka yake mkubwa. Yeye hakuwapo katika nchi ya mbali. Hajaongea na mdogo wake hata neno moja tangu arudi. Hata hivyo, katika aya ya 30, anamweleza baba kwamba mali ililiwa pamoja na makahaba.

Amejua wapi? Msimulizi, katika aya ya 13, hakutaja makahaba. Neno la Kigiriki alilotumia Luka, asotos, lina maana ya kuishi ovyo, bila kujizuia wala kuweka akiba. Baadhi ya tafsiri zetu za Kiswahili huweka hapo neno uasherati, lakini neno la Luka ni pana zaidi. Habari ya makahaba inatoka kinywani mwa kaka. Nasi mara nyingi tunaihubiri kana kwamba imetoka kinywani mwa Yesu.

Inawezekana kaka alikisia sawa. Maandiko hayasemi. Tunachokiona ni kwamba anasoma kutoka pale alipo: miaka mingi shambani, jasho, amri ambazo hakuzivunja, na mbuzi mmoja ambaye hakupewa. Uchungu wake ni wa kweli. Katika familia zetu tunawajua watoto hao waliobaki nyumbani kuwauguza wazazi wakati wenzao wanazunguka mijini, na siku mwenzao anaporudi, kuku anachinjwa. Anayemlaani kaka mkubwa bila kumsikiliza hajausoma mfano. Baba mwenyewe hakumlaani. Alimtokea nje, akambembeleza, akamhakikishia kwamba vyote vilivyobaki ni vyake.

Lakini uchungu wake ulimfanya aongeze maneno katika habari ya mwenzake. Hapo ndipo mtazamo unapoharibika. Kuona unachokiona kutoka ulipo si kosa. Kuziba usichokijua kwa hasira yako, halafu ukakitangaza kuwa ndicho kilichotokea, ni kosa.

Je, kila tafsiri ni sawa?

Wapo watakaotuuliza: kama kila mtu anasoma kutoka alipo, basi kila mtu yuko sahihi, na Kanisa linabaki na kazi gani? Swali ni la haki, na jibu letu ni hapana. Si kila tafsiri ni sawa.

Historia ina mfano mchungu. Huko Marekani wakati wa utumwa, wahubiri na wenye mashamba waliifungua Mwanzo sura ya 9 wakadai kwamba Mungu aliwalaani watu weusi kupitia Hamu, mwana wa Nuhu. Mamilioni ya watu wenye asili ya Afrika waliishi chini ya kivuli cha tafsiri hiyo. Sasa fungua Mwanzo 9. Anayelaaniwa pale ni Kanaani, mwana wa Hamu, si Hamu. Anayelaani ni Nuhu, aliyeamka kutoka katika ulevi. Rangi ya ngozi haitajwi popote. Wale hawakuona jambo lililokuwa ndani ya Maandiko ambalo wengine walikuwa hawajaliona. Waliweka ndani yake jambo lililokuwa mifukoni mwao.

Hiyo ndiyo tofauti. Jibu la Watanzania wa Powell linaweza kukaguliwa: aya ya 16 ipo, na yeyote anaweza kuisoma. Jibu la wenye watumwa nalo linaweza kukaguliwa, na likikaguliwa linaanguka. Msomaji ana haki ya kuleta swali lake mbele ya Biblia. Hana haki ya kuiandikia Biblia jibu.

Mama anayesoma mfano huu anaweza kuuliza: mama wa vijana hawa yuko wapi? Hilo ni swali zuri, na linatoka mahali ambapo wanaume wengi hawajawahi kusimama. Lakini Luka amenyamaza. Tunaweza kukaa na ukimya huo na kuufikiri. Hatuwezi kumtungia mama huyo maneno kisha tukayahubiri kama Injili.

Mababa wa Kanisa pia waligongana juu ya mfano huu. Tertulliano wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini, alipokuwa amejitenga na kufuata kundi la Wamontano wenye msimamo mkali, alikataa kata kata kwamba mwana mdogo ni Mkristo aliyeanguka dhambini. Aliogopa kwamba tafsiri hiyo itawafungulia mlango wazinzi warudi Kanisani bila aibu. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini baadaye, Mtakatifu Ambrosi wa Milano aliutumia mfano huo huo kuwajibu Wanovasiani, waliokataa kwamba Kanisa linaweza kuwasamehe walioanguka katika dhambi nzito. Mmoja alisoma akiwa amesimama mlangoni kulinda usafi wa nyumba. Mwingine alisoma akiwa mchungaji anayewatazama kondoo waliojeruhiwa. Kanisa lilikwenda na Ambrosi. Na leo, kila mara tunapopiga magoti katika Sakramenti ya Kitubio, tunaishi ndani ya tafsiri ile iliyoshinda. Tusidhani kwamba tofauti za tafsiri ni mambo ya karatasi.

Kanisa linatuachia kipimo gani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 12, unatupa njia. Kwanza tuchunguze kile mwandishi mtakatifu alichokusudia, tukizingatia namna za uandishi za wakati wake. Kisha tusome kwa Roho yule yule aliyeongoza uandishi, tukiangalia umoja wa Maandiko yote, Mapokeo hai ya Kanisa zima, na ulinganifu wa mambo ya imani. Mwaka 1993, Tume ya Kipapa ya Biblia ilitoa hati juu ya kutafsiri Biblia katika Kanisa. Ndani yake ilitambua thamani ya usomaji unaoanzia katika hali ya watu, wakiwemo maskini na wanawake, na ikaonya juu ya hatari zake. Onyo lake kali zaidi lilielekezwa kwa usomaji unaoshika herufi tu, ukijifanya hauna mtazamo wowote.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, alitoa kipimo kingine ambacho hata katekista wa kigangoni anaweza kukitumia. Tafsiri isiyojenga upendo wa Mungu na wa jirani, huyo aliyeitoa bado hajaelewa Maandiko. Na aliyekosea maana ya mwandishi lakini akajenga upendo, Augustino anamfananisha na mtu aliyeiacha barabara, akakatiza shambani, akafika kule kule barabara inakoelekea. Lakini anaongeza kwamba hata huyo asahihishwe, maana akizoea kuiacha barabara, siku moja atapotelea porini. Tunapenda busara hiyo. Haimtukani mwamini wa kawaida, wala haimdanganyi.

Tunaweza basi kuweka vipimo vitatu mezani. Je, tafsiri hii imo kweli katika maneno yaliyoandikwa? Je, inapatana na imani ya Kanisa na Maandiko mengine? Je, inazaa upendo, hasa kwa mdogo na mgeni? Tafsiri ya laana ya Hamu inashindwa vyote vitatu. Majibu matatu ya mwana mpotevu yanapita, kwa sharti kwamba kila moja lisiyafukuze mengine.

Jumuiya kama darasa

Tunayo nyenzo ambayo wenzetu wengi duniani wanaitamani. Katika miaka ya 1970, maaskofu wa AMECEA, yaani wa Afrika Mashariki na Kati, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa letu. Nusu karne baadaye, karibu kila mtaa una jumuiya yenye jina la mtakatifu wake. Pale wanakutana mwalimu mstaafu, bodaboda, mjane, muuza mkaa na karani wa benki. Kwa usomaji wa Biblia, hilo ni darasa ambalo chuo kikuu hakiwezi kulinunua.

Je, tunalitumia? Katika jumuiya nyingi, Injili inasomwa, mwenyekiti anasema neno, wawili watatu wanarudia alichosema mwenyekiti, halafu michango inatangazwa. Kijana ananyamaza kwa heshima ya wazee. Mama mjane ananyamaza kwa sababu hajasoma. Kwa hiyo ngozi ya ngoma inavutwa upande mmoja tu.

Tunapendekeza jambo dogo ambalo halihitaji fedha wala semina. Mara moja kwa mwezi, jumuiya ifanye zoezi lile la Powell. Injili isomwe polepole, kitabu kifungwe, na watu wawili wasimulie kwa kumbukumbu: mmoja awe mzee, mwingine awe kijana, au mmoja awe na kazi ya mshahara na mwingine asiwe nayo. Kisha kitabu kifunguliwe, na wote wakague: nini kimeachwa? Nini kimeongezwa? Kilichoachwa kizungumzwe. Kilichoongezwa kiondolewe kwa upole. Mwenyekiti aseme mwisho, si mwanzo. Na vichwa vya habari vilivyochapishwa juu ya mifano visisomwe kabla ya Injili yenyewe, maana Luka hakuviandika. Anayeambiwa mapema kwamba huu ni mfano wa "Mwana Mpotevu" ameshaelekezwa amtazame mmoja, wakati Yesu anaanza kwa kusema juu ya mtu mwenye wana wawili.

Kwetu mafrateri tunapendekeza la ziada. Homilia isiandaliwe kwa vitabu peke yake. Anayeandaa mahubiri ya Dominika aisome Injili hiyo na watu wanaoishi mbali na maisha yake: mpishi wa seminari, mlinzi wa usiku, mgonjwa anayempelekea Komunyo. Asiwafundishe kwanza. Awaulize wamesikia nini. Halafu ndipo arudi kwenye vitabu vya wanazuoni, navyo avisome kwa bidii, kwa sababu mlinzi hajui Kigiriki na hatapata kujua kutoka kwake maana ya asotos. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana.

Wapo wanaohofia kwamba tukiwapa waamini nafasi hii, watachanganyikiwa, au watahamia kwenye vikundi ambako kila mtu ni nabii wa tafsiri yake. Hofu hiyo tunaielewa, na tumeiona ikitimia. Lakini waliohama, wengi wao, waliondoka wakisema kwamba huko walikokwenda mtu anawasikiliza. Kumnyamazisha msomaji hakumfundishi kusoma. Kunamfanya akasome mahali pengine, pasipo na mtu wa kumsahihisha. Penye wengi hapaharibiki jambo, na hasa penye wengi wanaolikagua neno lao mbele ya Maandiko, wakiwa na Kanisa lenye kumbukumbu ya miaka elfu mbili.

Luka anatuambia, mwanzoni mwa sura ile ya 15, kwamba Yesu alisimulia akiwa na wasikilizaji wa aina mbili. Walikuwapo watoza ushuru na wakosefu waliokuja karibu kumsikiliza. Walikuwapo Mafarisayo na waandishi walionung'unika kwamba anawapokea watu wa namna hiyo na kula nao. Mfano mmoja, makundi mawili. Yesu hakuwatenga ili kila kundi lipate hadithi yake. Aliwasimulia wote hadithi yenye wana wawili, ili kila kundi lisikie habari zake na habari za mwenzake kwa wakati mmoja.

Na hakuimalizia. Hatuambiwi kama kaka mkubwa aliingia ndani ama alibaki uani na hasira zake. Baba bado anamsihi. Ndani kuna chakula, na mdogo wake ameketi mezani, akiwa na habari zote za nchi ya mbali ambazo kaka amezikisia tu. Angeweza kuingia akamuuliza.